Mali Bila Daftari: Mashamba ya Chai na Elimu ya Ubongo

Chai haioti Pwani, lakini Pwani ndiyo huiuza. Tangu mwaka 1969, mnada wa chai ulipohamia Mombasa kutoka Nairobi ulikoanzia mwaka 1956, majani ya milimani yamekuwa yakiteremka hadi kwetu, yakaonjwa, yakatiwa bei, kisha yakapakiwa melini kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Jioni tukikaa barazani na vikombe vyetu, cha rangi chenye iliki au cha maziwa chenye tangawizi, twasema "hii chai ya Kericho" kama wazee wetu walivyokuwa wakisema "hizi tende za Basra", wala hatuulizi zaidi.

Leo natutake kuuliza zaidi. Kericho na jirani yake Bomet hazitoi chai peke yake. Zimetoa pia somo, na somo hilo linasomwa katika vyuo vya mbali ambavyo wachumaji wengi wa chai hawajapata hata kuvisikia. Ni somo la vitu vidogo vingi vinavyokutana vikazaa jambo kubwa, jambo ambalo ukimpasua mmoja mmoja kati ya hivyo vidogo hulikuti ndani yake. Wenye elimu hiyo huiita elimu ya mifumo changamano. Dada yake wa tumbo moja ni elimu ya ubongo kwa njia ya hesabu. Wahenga wetu waliigusa zamani waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini wenzetu wamekwenda mbele wakauliza: kibaba hujaa lini hasa? Ni chembe ipi ya mwisho inayokifanya kimwagike? Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Jamvi la kiangazi

Kwanza tueleze elimu hii hufundishwa vipi, maana namna ya kufundishwa kwake ni nusu ya habari.

Huko Ulaya na Marekani, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi Pwani tumo katika kipupwe na kusi lavuma, wao wamo katika kiangazi na vyuo vikuu vimefungwa. Ndipo vijana kadhaa wa nchi mbalimbali huitwa mahali pamoja kwa wiki mbili, tatu au nne. Mmoja ni daktari. Wa pili ni mwanafizikia. Wa tatu ni mwanahesabu, wa nne amesomea wadudu, wa tano ni fundi wa kompyuta. Asubuhi husomeshwa pamoja, mchana hutatua maswali pamoja, na usiku hubishana sahani zikiwa mbele yao. Mwanahesabu hulazimika kujifunza chembe hai inavyoishi, na daktari hulazimika kuzirudia hesabu alizozikimbia utotoni. Muda ukiisha, kila kundi husimama likaonyesha kazi lililoifanya.

Mzee yeyote aliyepata kukaa jamvini mbele ya mwalimu wa chuo ataitambua sura ya mambo hayo. Katika darsa za mji, mvuvi, mshona kofia na mtoto wa tajiri waliketi magoti yakigusana, na fakihi aliyefundisha mirathi ilimbidi ajue hesabu za sehemu kama azijuavyo aya. Na wanazuoni wa zamani hawakujenga kuta kati ya fani na fani. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya tisa ya miladi, aliandika kitabu cha al-jabr akiwa na mirathi na biashara akilini, na kutokana na jina lake yeye mwenyewe dunia imepata lile neno algorithimu linalotajwa kila panapotajwa kompyuta. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya kumi na moja kwamba jicho huona kwa mwanga unaoliingia, tena kwamba kuona si kazi ya jicho peke yake, bali ndani ya kichwa mna hukumu na ulinganishaji. Swali hilo la hukumu ya ndani ndilo hasa wanalohangaika nalo wanafunzi wa elimu ya ubongo hivi leo.

Miongoni mwa majamvi mashuhuri ya zama zetu ni lile la Santa Fe, katika jimbo la New Mexico huko Marekani. Taasisi yake ilianzishwa mwaka 1984, na shule yake ya kiangazi ya mifumo changamano ilianza mwaka 1988. Mwaka huo huo, ufukweni Woods Hole, yalianza mafunzo ya kiangazi ya ubongo kwa njia ya hesabu. Frankfurt, Ujerumani, iliundwa taasisi iitwayo FIAS, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Wolf Singer, bingwa wa ubongo, akiwa pamoja na mwanafizikia Walter Greiner. Huko nako zimewahi kuandaliwa shule za kiangazi zilizofunga fani hizi mbili, nadharia ya ubongo na mifumo changamano, katika kanga moja.

Afrika haikukaa kando moja kwa moja. Mwaka 2011, Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika tawi la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, waalimu wa jumuiya iitwayo TReND in Africa waliwafundisha vijana wa Kiafrika mambo ya ubongo kwa kumtumia yule nzi mdogo anayezingira maembe yaliyoiva. Na tangu mwaka 2017, Muizenberg karibu na Cape Town, huitishwa mkutano wa mafunzo ya ubongo kwa hesabu uitwao Imbizo, neno la Kizulu lenye maana ya baraza la watu walioitwa. Hilo hufanyika Januari, kwa kuwa kiangazi cha kusini ndicho hicho. Waafrika hukaa hapo na wenzao wa mabara mengine, waalimu na wanafunzi wakila meza moja.

Ngisi na lango lake

Yawezekana msomaji akasema: haya ya ubongo na ya milima ya chai yanakutana wapi? Tumtafute ngisi, atujibu.

Ngisi, huyu huyu tunayemtia nazi, ana mshipa wa fahamu mnene kuliko wa wanyama wengi, unene wa kiasi cha nusu milimita, hata jicho tupu huuona. Wataalamu wawili wa Kiingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliutumia mshipa huo kupima jinsi ishara inavyosafiri katika mwili. Waligundua kwamba ngozi ya mshipa ina malango madogo yanayopitisha chumvi za aina mbili, sodiamu ikiingia na potasiamu ikitoka. Ukiusisimua mshipa kidogo, hautoi jibu. Ukiongeza kidogo, bado umenyamaza. Ukiongeza chembe moja zaidi na kuvuka kiwango fulani, malango hufunguka kwa pamoja na ishara hukimbia mshipa mzima kama baruti iliyopata moto. Hakuna nusu ishara. Ama yote ama hapana.

Mwaka 1952 waliandika kanuni za hesabu za jambo hilo. Kompyuta ya chuo chao cha Cambridge ilikuwa haitumiki wakati huo, basi Huxley alikaa na mashine ya kuhesabia ya kuzungushwa kwa mkono, akaizungusha kwa wiki kadhaa mpaka mstari wa hesabu ukafanana na mstari wa mshipa. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na John Eccles. Ubongo wa binadamu una chembe za fahamu zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, na kila moja hungoja kiwango chake kabla ya kusema. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojua jina lako. Lakini zikisemezana zote, wewe hulijua jina lako. Hiyo ndiyo siri wanayoitafuta.

Hili neno kiwango, au tuseme mpaka, ndilo ufunguo. Wakati Hodgkin na Huxley hawajazaliwa, alikuwapo mtu mwingine aliyelishika: Ronald Ross, daktari mzaliwa wa India, ambaye mwaka 1897 alionyesha kwamba malaria huchukuliwa na mbu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Tena alikuwa mshairi, jambo linalotufurahisha sisi wa fani hiyo. Ross alipelekwa Mauritius, na katika ripoti yake ya mwaka 1908 alieleza kwa hesabu kwamba si lazima kumwua kila mbu ili malaria itoweke. Wapunguze mbu mpaka washuke chini ya kiwango fulani, na ugonjwa utakufa wenyewe. Wazidi kiwango hicho, nao utawaka. Wakubwa wa afya wa zama zake wengi walimwona anaota. Leo hesabu yake husomeshwa katika kila jamvi la mifumo changamano. Mshipa wa ngisi na homa ya kijiji zina mpaka wa namna moja.

Baridi iliyokuwa boma

Sasa tupande Kericho.

Nchi ile iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Upepo wa Ziwa Viktoria hupanda mchana ukakutana na ule utokao mashariki, na jioni mvua hunyesha, mara nyingine ya mawe inayochana majani ya chai. Kijani kimetandazwa kilima baada ya kilima kama busati. Kwa Wakipsigis wenye nchi na kwa wachumaji waliotoka Kisii, Nyanza na kwingineko, baridi ile ilikuwa boma. Mbu alikuwapo, lakini malaria haikuwa na makazi ya kudumu kama ilivyo kwetu Pwani.

Sababu yake ni hesabu. Kijidudu cha malaria kali, baada ya kumezwa na mbu, lazima kikomae ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kukomaa huko hutegemea joto. Kwa kanuni inayotumiwa na wengi, katika joto la digrii 25 huchukua siku 12 hivi. Katika digrii 20 huchukua siku 28. Katika digrii 19 ni siku 37, na katika digrii 18 ni siku 55. Chini ya digrii 16 hakikomai kabisa. Mbu naye umri wake ni wa wiki chache tu. Basi mahali penye digrii 18 mbu hufa kabla mzigo wake haujaiva. Ongeza digrii moja tu, na siku 18 zimekatwa. Sisi wa Mombasa hatuwezi hata kuihisi digrii moja kwa mwili. Katika Kericho, ambayo wastani wa joto lake uko jirani na mpaka huo, digrii moja ni mlango wa boma.

Na mlango ulipofunguka, madhara yake hayakufanana na ya huku. Mtu mzima wa Pwani amekwisha kuumwa mara nyingi, mwili wake umejifunza. Wa milimani mwili wake haujui, kwa hiyo homa humwangusha baba, mama na mtoto kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 milipuko ya malaria iliongezeka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na hospitali za mashamba ya chai ya Kericho zilijaza madaftari yake.

Ubishi wa digrii chache

Swali likazuka: ni nini kilichofungua mlango? Ni joto la dunia lililopanda, au ni dawa ya klorokwini iliyokuwa imeshindwa na kijidudu, au ni watu kusafiri na misitu kukatwa?

Mwaka 2002 Simon Hay wa Oxford na wenzake, miongoni mwao Robert Snow wa Nairobi, waliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa haikubadilika. Walitazama mahali pane: Kericho, Kabale ya Uganda, Gikonko ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Takwimu zao za mwaka 1911 hadi 1995 zilitoka katika ramani ya dunia nzima iliyokatwa miraba, ambamo joto la mahali hukadiriwa kutokana na vituo vilivyo karibu na hata vilivyo mbali. Kwa hesabu hiyo joto halikupanda, basi sababu itafutwe kwingine, hasa katika dawa.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakajibu. Bibi huyu ni wa elimu ile ile ya mifumo changamano. Walirefusha mfululizo wa takwimu za mahali pane hapo hadi mwaka 2002, wakaona joto limepanda kote. Kisha wakatia hesabu ya maisha ya mbu, wakaonyesha kwamba badiliko dogo la joto huzaa badiliko la mbu ambalo ni kubwa mara kumi au zaidi. Ndiyo ile habari ya mshipa wa ngisi: kisukumo kidogo, mwitiko mkubwa.

Ubishi haukwisha, kwa kuwa kila upande ulitegemea makadirio. Ndipo mwaka 2011 mtaalamu Mkenya, Bibi Judith Omumbo, na wenzake, miongoni mwao watu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walipofanya jambo ambalo lasikika kuwa dogo. Waliacha ramani ya miraba, wakaenda kwenye daftari la kituo cha Kericho chenyewe. Walichukua joto la kila siku, la juu kabisa na la chini kabisa, tangu Januari 1, 1979 hadi Desemba 31, 2009. Wakalisafisha, wakalikagua, wakalijumlisha. Jibu likatoka: Kericho inapata joto, kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii kwa kila miaka kumi.

Mwaka huo huo David Stern akiandika pamoja na wengine, wakiwamo Hay na Snow wenyewe, walilitazama daftari lile lile. Waliona kwamba ukiusoma mfululizo wake tangu 1979 na kuukatiza mwaka 1995, ongezeko la joto halionekani kwa yakini. Ukiusoma hadi 2009, laonekana wazi. Na takwimu mpya za ile ramani ya dunia nazo zikasema vivyo hivyo. Wakaongeza jambo la pili ambalo halipaswi kufichwa: wagonjwa wa malaria katika Kericho waliongezeka kati ya 1994 na 2002, kisha wakapungua sana, ingawa joto liliendelea kupanda. Kwa maneno mengine, joto hufungua mlango, lakini dawa inayofanya kazi, chandarua na upuliziaji wa dawa vyaweza kuuegemea mlango huo usifunguke.

Tuangalie uungwana uliomo humo. Watu waliosema mwaka 2002 kwamba joto halikupanda, hao hao miaka tisa baadaye walitia majina yao katika makala yaliyoonyesha kwamba limepanda. Na kilichowageuza hakikuwa kelele. Kilikuwa miaka kumi na minne zaidi ya daftari. Mali bila daftari, walisema wazee wa biashara, huisha bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba na nchi bila daftari huugua bila habari.

Mahindi ya Bomet na mkono wa mchumaji

Bomet nayo ilitoa somo lake. Septemba 2011, katika tarafa ya Longisa, wakulima waliona mahindi yakikauka kuanzia majani ya katikati, na magunzi yakitoka matupu. Wataalamu walipopima walikuta virusi viwili pamoja, kimoja cha madoa ya njano ya mahindi, na kingine cha jamii ya ugonjwa wa miwa. Kila kimoja kikiwa peke yake hudhoofisha mmea. Vikikutana humwua, na shamba zima laweza kutoa sifuri. Kabla ya miaka mingi kupita ugonjwa huo ulikuwa umefika Tanzania, Uganda na Rwanda. Mwanafunzi aulizaye maana ya kusema kwamba kitu kizima hakilingani na jumla ya sehemu zake, hana haja ya kitabu. Moja na moja pale Longisa havikuwa viwili.

Somo la tatu limo katika kidole. Mchumaji hodari hutazama kichaka mara moja, na mkono wake huenda kwenye majani mawili na kichipukizi, ukaacha yaliyokomaa na yaliyo machanga mno. Hasemi, hahesabu, hata mazungumzo na jirani yake hayakatiki. Ubongo wake umeamua mara elfu kwa siku jambo ambalo mashine ya kukata chai hailiamui hata mara moja, maana mashine hupita na wembe wake ikakata chochote kilichoinua kichwa. Lakini mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na mwezi Mei 2023 hasira ya waliopoteza riziki ilifika hadi mashine kuchomwa moto huko Kericho. Huo nao ni mpaka uliovukwa. Sidhani kuna jamvi lililokwisha kuuhesabu vizuri. Wanauchumi huhesabu kilo na shilingi, wahandisi huhesabu wembe, na elimu ya ubongo huuhesabu mkono, kila mtu chumbani kwake. Wachumaji wenyewe hawamo chumba chochote.

Yanatuhusu nini sisi wa Pwani

Yanatuhusu sana. Sisi ndio tuijuayo malaria ikipanda kichwani. Mama gani wa Kilifi au Kwale asiyelijua neno degedege? Wazee wengine waliamini ni ndege wa usiku anayempitia mtoto. Tangu mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoko Kilifi, kikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza, kimekuwa kikiwafuata watoto waliozimia kwa malaria, na madaktari wake wameonyesha kwamba baadhi ya wanaopona hubaki na kovu lisiloonekana: usemi uliochelewa, kumbukumbu iliyolegea, kifafa. Mtoto huyo akienda chuoni akashindwa kuhifadhi, mwalimu humwita mzembe, na fimbo humshukia kwa kosa la mbu. Kumbe jawabu lake lamhitaji daktari wa ubongo, mjuzi wa mbu, karani wa hali ya hewa na mwanahesabu, wote kwa pamoja. Mmoja wao hatoshi, maana ugonjwa wenyewe huanzia bwawani ukaishia ubongoni.

Wala kuweka daftari la mbingu si jambo geni kwetu. Manahodha na wakulima wetu waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua lini kaskazi itafunga na lini mbegu itiwe ardhini. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa na adabu ya kuhesabu bila kuruka siku. Karani wa Kericho anayekwenda kusoma kipimajoto asubuhi huku ukungu umefunika mashamba, akaandika tarakimu tatu na kurudi ndani, yuko katika adabu hiyo hiyo. Siku anayoiandika haimwambii kitu. Miaka thelathini ya siku hizo iliamua ubishi wa mabingwa wa dunia.

Hapa ndipo penye jambo langu. Takwimu za Kericho zimesomwa Oxford, zikasomwa Marekani, na karatasi zake zimekuwa mfano wa kusomeshea. Hilo si baya. Elimu ni bahari na haina mwenyewe. Lakini ni vijana wangapi wa Kericho, wa Bomet, wa Lamu au wa Pemba waliopata kukaa kwenye jamvi ambalo kwalo nchi yao ndiyo somo? Bibi Omumbo alionyesha tofauti inayoletwa na mtu ajuaye daftari liko wapi na ajuaye kulisoma. Ule mkutano wa Muizenberg na yale mafunzo ya Ishaka yameonyesha kwamba jamvi laweza kutandikwa Afrika. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, ina taasisi ya utafiti wa chai ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1951, ina kituo cha hali ya hewa na ina hospitali za mashamba. Kilifi ina KEMRI. Hakuna kinachozuia wiki tatu za kipupwe ambapo kijana wa hesabu kutoka Mombasa, daktari kutoka Kilifi na mtaalamu wa majani chai kutoka Kericho watakaa pamoja, daftari la miaka likiwa katikati yao kama sinia. Gharama yake si ya kujenga daraja. Ni nauli, chakula, waalimu wachache na nia.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akisema anataka kusoma hesabu, tusimwulize mara moja atauza nini. Na akisema anasoma ubongo kwa hesabu, tusimcheke. Huenda ndiye atakayetueleza kwa nini mtoto wa jirani hakumbuki somo lake la jana.

Nami, kwa desturi ya ukurasa huu, namalizia kwa ubeti:

Andikeni msichoke, wenye kushika kalamu,
Kila siku muiweke, hesabu yake idumu,
Vijana wakusanyike, jamvi moja la elimu,
Siri yake ifumbuke, ifae wanaadamu.